Nguo Iliyopatikana na Hatia

Nchi ya Pindoni haipo. Nalisema hili mapema ili mwenye cheo yeyote asije akajiona ndani yake akanikasirikia bure. Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Sitara na Mavazi ya nchi hiyo isiyokuwapo. Kazi yangu ilikuwa kuandika yote yaliyosemwa vikaoni, kisha kuyafuta yale ambayo Waziri hakukumbuka kuyasema.

Mto wetu mkubwa, Lusenyi, ulianza kubadilika rangi mwaka kilipofunguliwa Kiwanda cha Sitara ya Taifa. Jumatatu ulipita mwekundu, Jumatano ulipita wa kijani, na Ijumaa ulipita na rangi ambayo bado haijapewa jina. Watu wa bondeni waliandika barua kwa miaka tisa. Wizara ilizijibu zote. Jibu lilikuwa kwamba rangi ni maendeleo, na kwamba nchi jirani zimebaki na mito ya rangi moja tangu ziumbwe. Watoto wa shule wakafundishwa kuzitambua siku za wiki kwa kuutazama mto, na walimu walikiri kuwa somo hilo liliwaingia upesi kuliko hesabu.

Mwaka wa kumi likatokea jambo zito. Gauni jeupe la Mama wa Taifa, ambalo alikuwa alivae kwenye sherehe za Uhuru, lilifuliwa Ikulu kwa maji ya bomba likatoka na rangi ya ini. Hapo ndipo serikali ilipogundua kuwa nchi ina tatizo la mazingira.

Waziri wetu, Mheshimiwa Zakaria Pondamali, aliitisha kikao asubuhi ileile. Alikuwa mtu wa suti tatu kwa siku, na alipofika alikuwa bado katika ile ya kwanza.

"Ndugu zangu," alisema, "ipo nguo inayoiharibu nchi hii. Sisemi ni zote. Zikiwa zote, kesho tutavaa nini? Nataka mkosaji mmoja, ajulikane kwa jina, ahukumiwe, na sisi tuendelee na kazi."

Ikaundwa Tume ya Kumtafuta Mkosaji. Sheria ilidai kila tume iwe na mtaalamu, basi tukashuka kumtafuta chini, kwenye chumba cha maabara, tulikokuwa hatujafika kwa muda mrefu. Huko tulimkuta Atugonza Bishanga, mpimaji wa maji. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye tabia ya kuinusa glasi kabla ya kunywa. Kila mwezi kwa miaka kumi na minne alikuwa amepeleka ripoti juu, na kila mwezi ripoti ilipokewa kwa heshima na kufungiwa katika kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa umepotea kwa barua rasmi.

"Mnataka kujua nguo gani inaharibu maji?" aliuliza.

"Moja tu," nilimwambia.

Akaanza kupanga chupa zake kwenye kikapu.

*

Tulizunguka nchi mwezi mzima, yeye na chupa zake, mimi na daftari langu.

Tulianzia uwanda wa pamba. Pamba ilikuwa nyeupe hadi macho yanapoishia, na nilimwambia Atugonza kuwa sijapata kuona kitu safi kama kile. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma, amejifunga kitambaa puani kwa ajili ya dawa ya wadudu iliyokuwa imepulizwa, alisimama kupumzisha mgongo.

"Hapo mlipoegesha gari palikuwa ziwa," alisema. "Maji yalikuwa yananifika kifuani. Yote yameingia kwenye pamba." Akamwonyesha Atugonza mikono yake. Ngozi ilikuwa imekatika kama udongo wa kiangazi. "Hii nayo ni ya dawa. Wanasema nikinawa itapona. Nitanawa na nini?"

Kutoka huko tulikwenda kwenye kiwanda cha ngozi, ambako viatu vya jeshi hutengenezwa, na ambako kijito kinachotoka nyuma hakina chura wala mbu. Meneja alitutajia kutokuwepo kwa mbu kama huduma ya afya kwa jamii.

Halafu tulikwenda Kilima cha Nguo, nje kidogo ya mji mkuu. Hiki hakikuumbwa na Mungu. Ni mitumba ambayo ilifika imechoka, watu wakaikataa sokoni, ikamwagwa pale miaka na miaka mpaka ikapata kimo cha kuwekwa kwenye ramani. Mfugaji mmoja alikuwa anamchinja mbuzi wake aliyeanguka asubuhi hiyo. Alipopasua tumbo, ndani alikuta fundo la nyuzi kubwa kama kichwa cha mtu. Atugonza alilifumua kwa kijiti. Lilikuwa na ukosi wa shati, na kifungo chake kilikuwa bado kinang'aa.

"Huyu ni wa saba," mfugaji alisema. "Wanakufa wameshiba."

Kwenye Kiwanda cha Sitara ya Taifa tulipokewa kwa soda na sambusa. Kiwanda hicho kinafuma poliesta, nguo inayotokana na mafuta yaleyale yanayowashwa kwenye gari. Meneja alituhakikishia kuwa maji yanayotoka kiwandani ni safi kuliko yanayoingia. Atugonza alichota glasi moja kwenye mfereji, akamkaribisha anywe. Meneja akasema amefunga. Sambusa alikuwa nayo mkononi.

Siku ile Atugonza aliyachuja maji kwa kitambaa, akaniita nitazame kwenye hadubini. Niliona nyuzi, nyembamba kuliko unywele, nyingi kama majani ya uwandani.

"Kila poliesta inapofuliwa inamwaga hizi," alisema. "Nimezikuta kwenye matumbo ya samaki. Haziozi, Karani. Mjukuu wa mjukuu wako atazikuta zinamsubiri."

Niliandika: *Maji yana nyuzi.* Baadaye niliambiwa nifute.

*

Siku ya mwisho alimwomba dereva atupeleke kwao, milima ya Nyakatanga. Nilidhani anataka kuwasalimia wazazi. Kumbe alikuwa bado kazini.

Baba yake, Mzee Bishanga, alikuwa mmoja wa wazee kumi na wanne waliokuwa wanatengeneza nguo ya gome. Tulimkuta juu ya ngazi, anauambua mti uitwao mrumba. Alilitoa gome lote kwa kipande kimoja, taratibu, kama mtu anayemvua mgonjwa shati, kisha akaufunga mti uliobaki mtupu kwa majani ya migomba kuuzunguka pande zote.

"Mti haufi?" nilimwuliza.

"Huu nimeuvua mara thelathini na mbili," alisema. "Kabla yangu baba alikuwa anauvua. Ukimvua mtu kisha ukamfunika vizuri, atakufa kwa nini?"

Aliketi akaanza kuliponda gome kwa nyundo ya mti yenye mistari. Likawa linapanuka chini ya mkono wake, jekundu la udongo, laini, hadi likawa kitambaa ambacho ningeweza kukikunja nikakitia mfukoni. Atugonza alipima maji ya kijito kilichopita kando ya uwanja. Akapima tena. Akainywa glasi nzima bila kuinusa.

"Baba, nitaiandika hii kwenye ripoti," alisema.

Mzee aliacha kugonga. "Usiiandike."

"Kwa nini?"

"Kitu kisichoandikwa hakina afisa."

"Ndiyo nguo pekee niliyoiona ambayo haina kosa. Nikiiacha, ripoti itakuwa ya uongo."

"Na ukiiandika?"

"Labda wataiga. Labda watasema, kumbe inawezekana."

"Wewe ndiye uliyesoma," mzee alisema, akarudi kwenye nyundo yake.

*

Ripoti ilisomwa mbele ya Baraza zima. Mheshimiwa Pondamali alikuwa katika suti ya pili.

Atugonza alisoma kuhusu pamba na ziwa lililonywewa. Mheshimiwa Spika akakohoa, akasema pamba ni zao la mkulima mnyonge. Alikuwa anajua anachokisema, kwa maana uwanda wote ule una mkulima mnyonge mmoja, naye ni Spika.

"Pamba iondolewe," Waziri alisema. Niliiondoa.

Alisoma kuhusu ngozi na kijito kisicho na chura. Jenerali hakukohoa. Aliinyoosha tu miguu yake mbele, buti zikaonekana.

"Ngozi iondolewe."

Alisoma kuhusu mitumba na mbuzi saba. Waziri mwenyewe alieleza kwamba mitumba ni upendo wa mataifa rafiki, na kwamba mwagizaji wake mkuu, ambaye kwa bahati ni mke wake, huiagiza kwa machozi ya huruma. Mitumba ikaondolewa.

Alipofika kwenye poliesta hakuna aliyesema. Kiwanda kile ni cha mtoto wa kwanza wa Mtukufu Rais. Waziri alisimama, sisi sote tukasimama, na baada ya dakika moja ya ukimya tukaketi. Sikuhitaji kuambiwa.

Ikabaki karatasi ya mwisho. Atugonza aliisoma kwa sauti ileile, ila niliona mkono wake umetulia kuliko mwanzo, kama mtu aliyefika nyumbani. Alisema ipo nguo isiyomaliza maji wala kutumia dawa, ambayo mti wake haumdhuru mnyama wala mwanadamu, hauambuliwi mpaka ukafa, na ambayo ikichakaa huoza ikawa udongo.

Waziri, aliyekuwa anasinzia, alifumbua macho.

"Rudia. Inatoka wapi?"

"Kwenye mti, Mheshimiwa. Ni gome."

"Yaani kuna watu wanauchuna mti ngozi ukiwa hai?"

"Mti huota gome jipya. Kuna mti umevuliwa mara thelathini na mbili."

"Mara thelathini na mbili," Waziri alirudia kwa masikitiko. "Kiwanda ni cha nani?"

"Hakuna kiwanda. Ni wazee kumi na wanne, huko Nyakatanga."

Waziri aliwageukia wajumbe. "Kuna mtu humu ndani mwenye hisa, shamba, mkwe au shemeji katika magome?"

Walitazamana. Kila mmoja aliipekua dhamiri yake. Hakuna aliyekuwa na kitu.

"Basi tumempata," Waziri alisema, na watu wakapiga makofi kwa ahueni ya kweli.

Atugonza alikuwa bado amesimama. "Mheshimiwa, ripoti inasema kinyume. Inasema hii ndiyo nguo pekee—"

"Ndiyo, pekee. Mimi niliomba moja, nawe umeniletea moja. Taifa linakushukuru."

"Hiyo ndiyo isiyo na kosa."

"Dada," Waziri alisema, na sauti yake ikawa ya upole, jambo ambalo huwatisha wanaomjua, "unataka wananchi wetu waache suti wavae magome? Unataka kuivua nchi nguo mbele ya majirani?"

"Mficha uchi hazai, Mheshimiwa. Nchi hii ni mgonjwa. Itatibiwaje kama haitaki kuonwa?"

"Karani," Waziri alisema bila kunitazama, "hilo usiandike."

Sikuandika. Niliandika hivi: *Mtaalamu aliiunga mkono hoja, na kikao kikafungwa kwa dua.* Niliandika kwa mwandiko mzuri. Mwandiko wangu umesifiwa na mawaziri wanne.

*

Operesheni Okoa Mrumba ilianza mwezi uliofuata. Lengo lake, kama lilivyotangazwa, lilikuwa kuiokoa miti dhidi ya wazee. Jeshi lilipanda mlimani na misumeno. Ilionekana kuwa kuilinda miti mia nne mmojammoja kungehitaji askari wengi, kwa hiyo ikaamuliwa ikatwe yote kwa pamoja.

"Mti uliokatwa," Mheshimiwa Pondamali alieleza akiwa amesimama juu ya kisiki, "hauwezi tena kuchunwa na mtu yeyote. Huo ndio ulinzi wa kudumu."

Mimi nilikuwapo, nikiandika. Wazee kumi na wanne walipangwa mstari wakavuliwa nguo zao za gome, zikachomwa, na kila mmoja akapewa suti ya michezo ya poliesta, bluu na manjano, rangi za bendera. Mpiga picha aliwaomba watabasamu. Mzee Bishanga alikuwa anautazama mrumba aliokuwa ameufunga majani ya migomba. Ulikuwa umelala chini na majani yake bado mwilini.

Atugonza alisimama kando yake. Alikuwa ameacha kazi siku ileile ya kikao, chupa zake akaziacha mezani zimejaa.

"Baba, nisamehe," nilimsikia akisema.

"Inanibana kwapani," mzee alijibu, akiivuta ile suti.

Hakusema kingine chochote mbele yetu, na nadhani hata baada ya hapo hakusema mengi. Niliambiwa kwamba alikuwa anaamka asubuhi, anaitwaa nyundo yake, anatoka nayo hadi uwanjani, anaketi. Hakuwa na cha kuponda. Jua likiwa kali anarudi ndani. Hakuumwa mahali popote. Aliacha kula kidogokidogo, kama mtu anayepunguza mzigo, na mvua za kuambua magome zilipoanza, akafa.

*

Wakati huo ilikuwa imetoka kanuni mpya. Kiwanda kilikuwa na poliesta nyingi kuliko watu walio hai wa kuivaa, na serikali, kwa huruma yake, ikawakumbuka waliokufa. Kila marehemu, awe wa dini yoyote, alipewa Sanda ya Taifa, bluu na manjano, bure, kwa lazima. Karani wa Wizara alitakiwa awepo mazishini na kujaza fomu.

Walinituma mimi, kwa kuwa njia ya Nyakatanga nilikuwa naijua.

Atugonza alinipokea mlangoni. Hakuna salamu aliyoiruka. Aliniuliza habari za safari, za mke wangu, za watoto, akanipa maji ya kunywa. Ningependa angenitukana. Kisha alinipeleka chumbani alikolazwa baba yake. Alipanda juu ya kigoda, akaingiza mkono darini, akashusha kitambaa kilichokunjwa. Kilikuwa cha gome, chekundu cha udongo, laini. Mzee alikuwa amekiponda miaka mingi nyuma kwa ajili ya siku hiyo.

Askari aliyenisindikiza alikuwa nje, anakula ndizi.

"Unaona ninachofanya, Karani?"

"Ninaona."

"Utaandika?"

Nilimwambia kwamba nina watoto shuleni, na kwamba nimebakiza miaka mitano kustaafu.

"Sikukuuliza hayo," alisema. "Nimekuuliza kama utaandika."

Alimvua baba yake ile suti ya michezo, akamfunga katika nguo yake mwenyewe. Alihangaika kumgeuza, maana alikuwa peke yake, na hatimaye nikaiweka fomu sakafuni nikamshika mzee mabega. Alikuwa mwepesi sana. Tulipomaliza, Atugonza aliichukua Sanda ya Taifa, akaikunja mara nne, akanipa.

"Rudisha ilikotoka," alisema. "Huku kwetu tunazika vitu vinavyokwisha."

Niliificha chini ya koti. Kwenye fomu niliandika: *Amezikwa kwa mujibu wa kanuni.* Nimeandika uongo mwingi katika utumishi wangu, lakini huo ndio wa kwanza ambao sikuamriwa. Usidhani nimejitakasa kwa huo. Mirumba mia nne haikusimama tena.

Kabla sijaondoka alinionyesha vijiti alivyokuwa amevichomeka nyuma ya nyumba. Vilikuwa matawi aliyoyaokota siku ya misumeno, na baadhi vilikuwa vimechipua. Nilimwuliza vitachukua muda gani mpaka viweze kuambuliwa. Alisema yeye hataviona.

*

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mto Lusenyi ulifurika. Ulikuja siku ya Jumatatu, mwekundu, ukaingia kwenye makaburi ya mji mkuu ukayafumua yote. Maji yalipopungua tulikuta sanda zimetapakaa bonde zima, zimenaswa kwenye miiba na nyaya za umeme. Zilikuwa nzima. Bluu yake ilikuwa bluu, manjano yake manjano, pindo hazikufumuka hata uzi mmoja. Ndani hamkuwa na kitu, au kulikuwa na vijifupa ambavyo mto ulikuwa umevichanganya.

Mheshimiwa Pondamali alifika na waandishi wa habari. Aliinua sanda moja, akaivuta kwa nguvu pande mbili mbele ya kamera. Haikuchanika.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Miaka mitano udongoni. Kama kuna upungufu wowote katika zoezi hili, haukuwa wa kitambaa."

Mimi nilipewa orodha ya majina na meza, nikakaa kando ya barabara ili ndugu waje kuwatambua watu wao. Walipanga foleni tangu asubuhi. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mzee aliyenitajia jina la mwanawe. Nililipata kwenye orodha. Alikuwa amezikwa kwa mujibu wa kanuni. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Wangu ni yupi?" aliniuliza.

Niligeuka kutazama nyuma yangu, kwenye rundo la sanda zilizokuwa zimeoshwa na kuanikwa. Niligeuka tena nikaitazama orodha, kana kwamba ningeweza kukuta kitu ambacho sikukiandika.

Mama alisubiri. Nyuma yake foleni ilisubiri.

"Basi nipe hiyo iliyo karibu," alisema.

Nikampa. Aliipangusa matope kidogo yaliyobaki pembeni, akaikunja vizuri, akaibeba mikononi kama mtoto, akaenda.